Nyigu wa upenuni: rangi zao zinasema nini na zinadanganya wapi

Swali: Sisi ni familia ya Bukavu, sasa tunaishi Louisville, Kentucky. Kwenye veranda yetu kuna viota viwili vya nyigu, vile vya karatasi vinavyoning'inia. Cha kwanza kina nyigu weusi wenye mistari ya manjano inayong'aa. Cha pili kina nyigu wa kahawia, lakini hawafanani: mmoja ana uso mwekundu, mwingine ana alama za manjano usoni, mwingine ana madoa mawili mgongoni mwa tumbo. Kijana wangu amelinganisha picha kwenye simu, anasema tuna aina tano. Je, rangi inatosha kumjua nyigu ni wa aina gani? Na ipo aina iliyo hatari zaidi kwa watoto?

Jibu: Mama, kwa jinsi ulivyoeleza, mna aina mbili tu. Hao weusi wenye manjano makali karibu hakika ni *Polistes dominula*, nyigu mgeni aliyeingia Marekani kutoka Ulaya. Hao wa kahawia, ambao kila mmoja ana sura yake, wanaelekea kuwa *Polistes fuscatus*, mwenyeji wa huko. Ni ndugu wa tumbo moja wala si aina nne. Kijana wako amefanya vizuri kutazama rangi, ila ameanzia usoni na mgongoni, na kwa nyigu hawa ndiko rangi inakobadilika zaidi. Rangi inafaa sana ukijua pa kuanzia. Mimi huanzia kwenye vipapasio.

Kwanza tuhakikishe kwamba tunazungumzia Polistes. Jenasi hii, yaani kundi la aina zenye undugu wa karibu, ina spishi (aina) zaidi ya 200 duniani, na karibu zote hujenga kwa namna moja. Jike hukwangua mbao kavu, huitafuna na mate, kisha huitandaza ikakauka kuwa karatasi ya kijivu. Kama una uzio wa mbao za zamani, utaona juu yake michirizi mifupi iliyopauka. Hapo ndipo wanapochota. Kiota chenyewe ni sega moja lililo wazi, vyumba vimetazama chini, na linashikwa na kikonyo kimoja chembamba ambacho jike hukipaka ute wa kufukuza siafu na sisimizi. Hakina ganda la nje. Ukiona kiota cha karatasi kilichofunikwa pande zote na kuachwa tundu moja la kuingilia, hao ni nyigu wengine.

Mwili wa Polistes ni mrefu, kiuno kimebanwa, tumbo limechongoka mbele na nyuma. Akiruka, miguu ya nyuma inaning'inia. Hiyo miguu ndiyo inayomtenga na Vespula, wale nyigu wafupi wanene wanaovamia soda na nyama choma bustanini mwezi wa Agosti. Vespula wengi huishi ardhini au ndani ya ukuta, nao pia wamevaa nyeusi na manjano, hivyo watu humchanganya na dominula kila siku. Yupo pia nyigu wa udongo, *Sceliphron caementarium*, mweusi mwenye miguu ya manjano na kiuno chembamba mno. Huyo hujenga kwa tope, huishi peke yake na ni nadra sana kumchoma mtu. Na ukikumbuka wale nyigu warefu wa rangi ya kutu wanaojenga kwenye mapaa ya nyumba za kwetu Afrika, wengi wao ni Belonogaster. Ni ndugu wa karibu wa Polistes, lakini pingili ya kwanza ya tumbo lao imerefuka ikawa kikonyo. Polistes wapo Afrika pia, ila kwenye nyumba zetu huyo Belonogaster ndiye watu wengi wamemzoea.

Sasa vipapasio. Mtazame nyigu wako mweusi na manjano akiwa ametulia juu ya sega. Kama vipapasio vyake vina rangi ya chungwa kuanzia karibu na kichwa hadi nchani, huyo ni dominula, na huhitaji kuhesabu mistari ya tumbo. Vespula wa Amerika Kaskazini ana vipapasio vyeusi, vyote au karibu vyote. Wenyeji wa jenasi ya Polistes wanaopatikana Kentucky huwa na vipapasio vilivyofifia, vya kahawia au vyenye weusi sehemu fulani, isipokuwa wachache nitakaowataja. Kwa alama hii moja, mtu asiye na darubini anaweza kumtenga dominula akiwa amesimama mita mbili kutoka kwenye kiota.

Alama nyingine za dominula huja baada ya hiyo: mwili mweusi kabisa usio na wekundu, mistari ya manjano yenye kingo kali, madoa mawili ya manjano kwenye pingili ya pili ya tumbo, na sehemu ya chini ya miguu ya manjano au chungwa. Wa Louisville na wa Roma wanafanana kiasi cha kutosha kuwatambua kwa maelezo haya haya. Hilo ndilo linalomfanya awe rahisi. Alionekana mara ya kwanza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na Boston, akasambaa hadi pwani ya magharibi. Bara letu nalo halikusalimika: mwaka 2008 aligunduliwa Kuils River, katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Ukikuta kitabu cha zamani cha Marekani kinamwita *Polistes gallicus*, jua ni jina lililotumika kwa makosa kabla halijasahihishwa. Gallicus ni spishi nyingine.

Kwa hao wa kahawia kazi ni ngumu zaidi, na hapa ndipo wengi hupotea.

*Polistes fuscatus* anaweza kuwa karibu mweusi wote, au wa kahawia, au wa rangi ya kutu. Anaweza kuwa na mistari myembamba ya manjano kwenye kingo za pingili, au asiwe nayo. Madoa mawili ya mgongoni uliyoyataja huonekana mara nyingi kwenye pingili ya pili ya tumbo, mengine mekundu, mengine ya manjano, na wengine hawana kabisa. Hayo yote unaweza kuyakuta kwenye kiota kimoja kwa siku moja. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kiasi: ukiona kiota cha nyigu wa kahawia ambao nyuso zao hazifanani, na uko mashariki ya Marekani, mfikirie fuscatus kabla ya mwingine. Kule kutofanana kwenyewe ni alama.

Tofauti hizo za nyuso zina kazi. Mwaka 2002 mtafiti Elizabeth Tibbetts alichukua nyigu wa spishi hii akawapaka rangi kidogo usoni au tumboni ili kuwabadilisha sura, kisha akawarudisha kwenye kiota chao. Wenzao waliwashambulia zaidi kuliko wale waliopakwa rangi bila kubadilishwa sura, na baada ya muda ugomvi ukapungua, maana walikuwa wameizoea sura mpya. Kwa maneno mengine, nyigu hawa hutambuana mmoja mmoja kwa uso. Mwaka 2011 yeye na Michael Sheehan walionyesha kwamba fuscatus hujifunza picha za nyuso za wenzao haraka kuliko picha za vitu vingine, na ukiondoa vipapasio kwenye picha ya uso, uwezo huo unashuka. Kwenye kiota cha fuscatus majike kadhaa huweza kuanzisha makao pamoja na kugawana madaraka, mmoja akiwa juu, mwingine akimfuata. Kumjua fulani ni nani kunaokoa mapigano. Basi nyuso zikizidi kutofautiana, kila mmoja anajulikana upesi, na sisi tunaotaka kutambua spishi ndio tunaobaki kuhangaika.

Jirani yake, *Polistes metricus*, hana mambo hayo. Nyuso zake zinafanana, na katika majaribio hayo hayo hakuonyesha kipaji cha kujifunza nyuso. Kichwa na kifua chake ni vya rangi ya kutu iliyochanganyika na weusi, tumbo ni jeusi kwa sehemu kubwa, na sehemu ya chini kabisa ya miguu ni ya manjano. Kwenye kiota cha metricus utaona watu wa sare moja: kutu juu, nyeusi chini. Kwa hiyo ukitaka kutenganisha hawa wawili, tazama kundi kwa ujumla kabla ya kumtazama nyigu mmoja. Nyigu mmoja mwekundu aliyetua dirishani anaweza kunishinda hata mimi; nyigu kumi juu ya sega moja hunipa jibu haraka.

Niseme pia kwamba mara chache, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, jike wa spishi moja hunyang'anya kiota cha spishi nyingine, au wakajikuta pamoja. Imewahi kuandikwa kati ya fuscatus na metricus. Usilifanye hilo liwe jibu lako la kwanza. Kiota kimoja, spishi moja. Hiyo ndiyo kanuni ya kuanzia.

Unaweza kuniuliza: mbona dominula naye ana vidoa vyeusi usoni? Anavyo, hasa kwenye kile kibamba cha manjano kilicho juu ya taya. Wengine wana doa moja, wengine mawili au zaidi yenye kingo zilizovunjika, wengine hawana hata moja. Mwaka 2004 Tibbetts na James Dale waliandika kwamba huko Marekani madoa hayo ni alama ya hadhi: mwenye uso uliovunjika-vunjika zaidi huheshimiwa na wapinzani, na waliopakwa madoa ya uongo walipata kichapo zaidi. Tafiti zilizofanywa baadaye Ulaya hazikupata matokeo yale yale kila mahali, kwa hiyo mimi naichukua habari hiyo kama ya nyigu wa Marekani kwanza. Kwa swali lako inatosha kujua kwamba doa la usoni halitengi spishi hata kidogo. Dominula mwenye uso safi na dominula mwenye madoa matatu ni aina moja.

Lingine linalowachanganya watu, pengine kuliko yote, ni madume. Kuanzia Agosti utaona kwenye kiota nyigu wenye uso wa manjano mpauko au mweupe, na kwa baadhi ya spishi macho yenye ukijani. Mtu aliyezoea majike huona aina mpya imeingia. Mtazame kipapasio: cha dume kina pingili 13 na ncha yake imejikunja, cha jike kina pingili 12 na kimenyooka zaidi. Tumbo la dume lina pingili 7 zinazoonekana, la jike 6. Dume hana mwiba, maana mwiba ni kiungo cha kutagia kilichogeuzwa kazi. Kama kijana wako alipiga picha mwishoni mwa kiangazi, naamini angalau mmoja wa hao "watano" ni dume wa aina aliyokwisha kuihesabu.

Yupo pia mgonjwa. Ukiona nyigu amekaa kizembe mbali na kiota, na katikati ya pingili za tumbo lake kuna kijivimbe cha kahawia kilichochomoza, usikiandike kuwa doa. Ni mdudu wa jenasi Xenos anayeishi ndani ya mwili wake.

Wengine unaoweza kukutana nao Kentucky nitawapitia upesi. *Polistes exclamans* ana mistari mingi ya manjano tumboni na kifuani juu ya mwili wa kahawia-wekundu, na vipapasio vyake vina rangi tatu: kutu kwenye shina, weusi katikati, chungwa nchani. Hakuna haja ya kuangalia kingine. *Polistes dorsalis* anamfanania, ni mdogo zaidi, na vipapasio vyake ni chungwa bila weusi wa katikati. Huyu ndiye anayeweza kukuponyoka kwenye ile kanuni ya dominula, isipokuwa mwili wake una wekundu ambao dominula hana kabisa. *Polistes annularis* ni mkubwa, kichwa na kifua vyekundu-kahawia, tumbo jeusi lenye pete moja ya manjano kwenye pingili ya kwanza, basi. Hupenda matawi na miamba iliyo juu ya maji, na viota vyake huwa vikubwa, vyenye mamia ya vyumba. Huyu ana tabia ambayo wachache huitarajia kwa nyigu: huweka akiba ya asali kwenye sega lake kwa ajili ya siku za baridi. Hakuna wa kuvuna asali hiyo, ni matone tu.

Halafu wapo wekundu kabisa, *Polistes carolina* na *Polistes rubiginosus*. Mwili mzima wa rangi ya kutu, mabawa meusi-meusi. Wote wawili hupenda mahali palipofichika, ndani ya mti wenye uwazi, juu ya dari, ndani ya kibanda cha zana. Kuwatenganisha kwa rangi ni kujidanganya. Inabidi kushika mdudu chini ya darubini na kuangalia maumbile ya kifua chake. Mtu akinitumia picha ya simu ya nyigu mwekundu kabisa kutoka kusini ya Marekani, humjibu: ni mmoja wa hawa wawili, na ninaishia hapo.

Mbona wengi wanafanana, kama si ndugu wa karibu? Carolina na metricus ni spishi tofauti, na bado wote wawili wamevaa kutu. Sababu inayokubalika ni kwamba ndege akishachomwa mdomoni na mmoja mwekundu, atawaacha wekundu wote. Kila spishi yenye mwiba inafaidika kwa kuvaa alichovaa jirani yake. Kwa hiyo rangi hufuata eneo. Mwaka 1904 Wilhelmine Enteman alichapisha uchunguzi mzima juu ya rangi za Polistes, na tangu hapo inajulikana kwamba spishi moja haivai sawa kutoka jimbo hadi jimbo. Kuna hata mdudu asiye nyigu aliyejiunga na mchezo huo, *Climaciella brunnea*, mwenye miguu ya mbele ya vunjajungu na mwili uliopakwa rangi za Polistes. Naye hubadili mavazi kulingana na nyigu wa eneo analoishi. Hana mwiba. Ukimwona kwenye maua, utamjua kwa ile mikono iliyokunjwa.

Matokeo yake kwa wataalamu ni haya: kwa kundi la fuscatus na ndugu zake, rangi ilituficha spishi nzima kwa miaka mingi. Mwaka 2012 Matthias Buck na wenzake walipima viungo vya uzazi vya madume, vipimo vya miili na DNA ya nyigu wa mashariki ya Amerika Kaskazini, wakaeleza spishi mpya mbili. Mojawapo ni *Polistes parametricus*, iliyokuwa ikihesabiwa ndani ya metricus wakati wote huo. Ipo mashariki ya Marekani, inaonekana kwa macho, makabati ya makumbusho yana vielelezo vyake vya tangu zamani, na hakuna aliyeitenga kwa kutazama rangi. Makumbusho pia yana mtego wake: zamani wakusanyaji waliua wadudu kwa sianidi, na sianidi hugeuza manjano ya nyigu kuwa mekundu. Usilinganishe nyigu wako aliye hai na kielelezo cha namna hiyo.

Basi, kama kijana anataka kuendelea na kazi hii, na natumaini anataka, mwambie aende alfajiri kukiwa na ubaridi. Wakati huo nyigu hawaruki kirahisi. Asimame pembeni, si chini ya kiota, na atumie kuvuta picha kwa kamera badala ya kusogeza mkono. Apige uso kutoka mbele, mgongo kutoka juu, na ubavu mmoja wenye miguu na vipapasio vyote. Picha ya kundi lote juu ya sega ni ya lazima kwa sababu niliyoieleza. Aandike tarehe na mahali. Kama anatumia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, aweke picha zote za nyigu mmoja pamoja, na asichukue jina la kwanza linalopendekezwa na programu kuwa ni jibu. Asubiri watu wanaozijua Polistes wathibitishe. Kwenye kundi hili wengi wao watamwachia kwenye jenasi au kundi dogo, bila kufika spishi, na huo si uvivu.

Sasa la watoto. Hakuna rangi ya nyigu hapo kwako inayomaanisha sumu kali kiasi cha kumtenga na wenzake. Majike wote huchoma, na wanaweza kuchoma tena na tena kwa sababu mwiba haubaki kwenye ngozi. Ukali wao uko karibu na kiota. Akiwa mbali, kwenye maua au kwenye majani akitafuta viwavi, Polistes hana habari na mtu. Kinachomfanya dominula awe tatizo zaidi nyumbani ni mahali anapopenda kujenga: ndani ya kisanduku cha barua, chini ya kifuniko cha jiko la nje, kwenye matundu ya mabomba ya uzio, nyuma ya taa, ndani ya magari ya plastiki ya watoto yaliyoachwa uani. Mkono wa mtoto hufika huko kabla jicho halijafika. Fuscatus na metricus hujenga zaidi kwenye upenu ulio wazi, juu, ambapo mnaonana.

Mtoto akichomwa, mwondoe hapo kwanza, osha, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa. Uvimbe na maumivu ya mahali pale ni kawaida. Akianza kupumua kwa shida, midomo au ulimi kuvimba, mwili kutoka vipele mbali na palipochomwa, kutapika au kulegea, piga 911 bila kungoja. Mwenye dawa ya sindano ya epinefrini aitumie mara moja. Na ukimpeleka kwa daktari wa aleji, kutaja kwamba ni nyigu wa Ulaya mwenye vipapasio vya chungwa kuna faida, kwa sababu sumu ya Polistes wa Ulaya na ya wale wa Amerika hazifanani kabisa kwenye vipimo.

Kiota kipi mkiondoe? Cha fuscatus, kama kiko juu na hakiko kwenye mlango, mimi ningekiacha. Majana yao hulishwa viwavi waliotafunwa, na bustani ya kabichi, nyanya au tumbaku inanufaika. Katika miaka ya 1950, huko Carolina ya Kaskazini, watafiti Rabb na Lawson waliwatumia Polistes kupunguza viwavi wa tumbaku. Cha dominula kilicho karibu na mlango au vifaa vya watoto kiondoeni, na wakati rahisi ni Aprili au Mei, kiota kikiwa na jike mmoja au wachache. Kwa sasa, kama kimeshajaa, mwite mtu wa kazi hiyo, au kama mmepanga, mwambie mwenye nyumba. Msitumie moto kama tulivyozoea nyumbani: upenu wa nyumba nyingi za huko ni mbao na plastiki, na moto utapanda darini kabla hamjauona. Msimwage petroli pia.

Baridi kali ya vuli itawaua wafanyakazi na madume wote. Majike waliokwisha kupandwa watajificha chini ya magome na juu ya dari hadi majira ya kuchipua, kwa hiyo ukimwona mmoja anatembea polepole dirishani siku yenye jua mwezi wa Januari, si kwamba kuna kiota ndani ya nyumba. Viota vya zamani vibandueni wakati huo vikiwa vitupu. Wenyeji kwa kawaida hawavirudii, lakini dominula huweza kuanza upya juu ya kilekile.